Motohomu inamwaga maji yenyewe usiku Mau Narok, shida ni gani?

KempaLanet:
Wasee habari za jioni. Swali ni refu kidogo mnivumilie. Niko na motohomu, yaani gari ya kulala ndani, Fiat Ducato, ilikuja huku na wazungu waliotoka nayo Ulaya wakiteremka Afrika mdogo mdogo, wakifika Kenya wakaona safari imetosha wakaiuza. Mimi ni mtu wa injini, mbele haiwezi nisumbua, lakini huku nyuma kwa sinki na bafu na hita na mapampu ndio naona giza tupu. Naikodisha kwa watu wanaenda Bogoria, Baringo, saa ingine Kisumu hadi Rusinga, na Januari vile mnajua hakuna mtu ako na pesa ya kutembea basi naipeleka kwa bro yangu Mau Narok ikae kwa boma juu hapa Lanet, Nakuru, kiploti chetu hakina nafasi na nikiiacha barabarani nitapata imebaki chasisi.

Sasa shida. Nikiacha tenki ya maji safi imejaa, kuna siku bro anaamka anapata chini ya gari kumelowa chapachapa na tenki iko tupu. Si kila siku, hiyo ndio inanichanganya. Inaweza kaa wiki nzima na maji yake vizuri alafu asubuhi moja yote imeenda. Nimepapasa jointi zote ni kavu, hakuna paipu imepasuka. Nikiirudisha Lanet nijaze, hata tone haimwagi. Bro anasema ni watoto wake wanaingia kucheza na koki, ameshawachapa, watoto wanakataa katakata.

Ya pili, kuna kitabu kiliachwa ndani kinasema kabla ya winta toa maji yote kwa gari. Nikaingia YouTube nikaona Wamarekani wanapitisha maji fulani ya pinki kwa paipu zote ati zisipasuke. Huku kwetu hiyo kitu iko na maana ama ni mambo ya theluji tu? Na gari ikikaa miezi mbili bila kutumika nifanye aje na mfumo wa maji, kwa sababu nikiiwasha tena maji inatoka na harufu ya kinamasi, mteja akisukutua meno anakuangalia vibaya.

MtuWaFreeArea:
Watoto wakikataa katakata ujue ni wao. Ama kuna jirani anachota ya kunywesha ng'ombe usiku 😂

Radieta_King:
Hiyo ni rahisi buda. Nunua kulanti ya gari lita mbili tatu mwaga kwa tenki changanya na maji, hapo hata baridi ikuje aje haigandi na paipu haziwezi shika kutu. Sisi huweka kwa lori zinaenda Timboroa hakuna shida.

FundiMajiKondele:
KempaLanet tafadhali USIMSIKIZE huyo hapo juu. Omera kulanti ya radieta nyingi ni ethilini glaikoli, hiyo ni sumu, mtu akiinywa inaharibu figo na haihitaji kuwa mingi, na ubaya wake ni tamu, mtoto au mbwa akionja anaendelea. Lori inaiweka kwa radieta, hakuna dereva anapika chai na maji ya radieta. Tenki ya motohomu ndio hiyo hiyo watu wanapikia, wanaosha vyombo, wanasukutua. Ukishaiweka hata ukisuuza hutakuwa na uhakika iliisha yote kwa mikunjo ya paipu. Ile ya pinki ya Wamarekani ni kitu ingine, ni propilini glaikoli, imetengenezewa mifumo ya maji ya kunywa, na bado wao wenyewe wanaisuuza yote kabla ya kutumia.

Radieta_King sina ubaya na wewe, lakini futa hiyo komenti mtu asije akaisoma nusu.

Radieta_King:
Sawa fundi nimeskia. Siwezi futa lakini watu wasome hadi hapa.

DadaWaOverlandi:
Niko Kitale, hapa tunapitiwa sana na magari ya wazungu wanaopanda Mlima Elgon kupitia geti la Chorlim, kwa hivyo nimeziona hizi. KempaLanet kabla sijasema kitu nijibu mambo mawili. Hita yako imeandikwa nini? Na ukiiegesha Mau Narok, swichi ya pampu ya maji huwa unaizima ama unaiacha on?

KempaLanet:
Hita imeandikwa Truma Combi, inatumia gesi. Pampu sijawahi izima, kwani inazimwa? Nilidhani inajiwasha tu ukifungua bomba.

DadaWaOverlandi:
Basi gari yako haina ugonjwa wowote, inafanya kile ilitengenezewa kufanya, na hao watoto mpigie bro simu leo awaombe msamaha.

Karibu na hita, mara nyingi chini ya kiti ama ndani ya kabati, tafuta valvu ndogo iko na kishikio cha kuzungusha na kitufe cha kubonyeza. Inaitwa FrostControl. Haitumii stima wala betri. Ndani yake kuna kitu kinasikia joto, pale ilipo pakishuka hadi karibu nyuzi 3 inajifungua yenyewe na kumwaga nje maji ya hita, ili yasije yakagandia ndani yakapasua hita, maanake hita hiyo ni ghali kuliko kila kitu kingine huko nyuma. Hita yenyewe inabeba lita 10 tu. Sasa utauliza kama ni lita 10 mbona tenki yote inaisha. Ni pampu. Pampu yako ni ile ya presha, presha ikishuka kwa paipu inajua mtu amefungua bomba, kwa hivyo valvu ikifunguka inaanza kusukuma maji kwa hita, hita inamwaga, inasukuma tena, inamwaga, hadi tenki ikauke, alafu inabaki ikizunguka kavu hadi betri ilale. Nikikisia vizuri asubuhi hizo ukifika unapata betri ya nyuma imekufa.

Lanet haimwagi kwa sababu Nakuru iko karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, baridi yenu ni ya sweta. Mau Narok iko juu ya mita 2,700, hapo usiku mwingine unafika hizo nyuzi na usiku mwingine haufiki, ndio maana unaona inachagua siku.

KempaLanet:
Eeeeh!! Betri ilikuwa imelala kweli, mara zote, na mimi nikasema ni betri ya zamani hadi nikaenda kuulizia mpya. Dada Mungu akubariki. Watoto wataletewa mandazi.

Sasa swali la haraka, bro alijaribu kukibonyeza kitufe fulani hapo chini asubuhi kikakataa kukaa, kinaruka tu. Ndio hicho? Na imeharibika?

DadaWaOverlandi:
Ndicho. Haijaharibika. Ikishafunguka hairudi mpaka hapo ilipo papate joto zaidi ya nyuzi 7 hivi. Asubuhi Mau Narok saa moja bado ni baridi, mwambie angoje jua lipande ama awashe hita ipashe gari joto, Combi inaweza pasha hewa hata bila maji ndani, alafu azungushe kishikio abonyeze, kitakaa. Na pampu izimwe kila mara mnapoondoka kwa gari, hata mkienda dukani.

Jamaa_wa_Njoro:
Kuna mzungu alinionyesha, wao huweka kibanio cha nguo kwa hicho kitufe, kile cha kuanikia, kinashikilia kabisa hakiwezi ruka. Shilingi tano umemaliza shida. Mimi ningefanya hivyo.

DadaWaOverlandi:
Hiyo ya kibanio naijua na siipendi. Kwanza hiyo valvu ndiyo pia inapunguza presha, maji yakichemka ndani ya hita yakafura inaachilia kidogo kidogo, ukiibana umeziba pa kupumulia. Pili unaibania mahali penye baridi ndio inahitajika zaidi. Kisumu hata ukiibana haitajua tofauti ya joto, lakini hiyo ya presha iko palepale. Heri kutoa maji. Maji yakitoka hakuna cha kuganda, hakuna cha kubana.

MamaViazi_Molo:
Mimi sina motohomu, niko na viazi, lakini hapa kwa baridi mtanisikiza 😄 Frosti haiji ovyo. Ni Desemba hadi Februari wakati wa kiangazi, jioni mbingu ikiwa safi hakuna wingu na upepo umetulia, joto lote la mchana linapanda juu linapotea, kufika alfajiri nyasi ni nyeupe. Kukiwa na wingu jioni lala usingizi, hiyo wingu ni blanketi. Chai ya Kericho na Nandi iliungua hivyo hivyo Januari 2012, ekari na ekari zikawa hudhurungi. Na hewa baridi ni nzito inateremka kutafuta bonde, ndio unaona shamba la chini karibu na mto limeungua na la juu kwa mlima limepona, jirani mmoja analia mwingine anapalilia. Kwa hivyo uliza bro anaegesha wapi. Kama ni huko chini kwa boma la ng'ombe, apandishe gari karibu na nyumba, au chini ya miti.

KempaLanet:
Mama umeongea kitu. Iko chini kabisa karibu na kijito, ndio mahali iko tambarare. Itapanda.

Mkenya_Minnesota:
Nimeona watu wanaongea winta nikasema nisalimie. Mimi ni wa Kisii lakini sai niko Minnesota na huku niko na treila ya kempingi, kwa hivyo hii mambo ya pinki naijua kwa uchungu. Huku usiku wa Januari unaweza shuka chini ya nyuzi 30 hasi na inakaa hivyo siku kadhaa. Maji yakiganda yanafura kwa asilimia 9 hivi, na kwa paipu yamefungiwa hayana pa kwenda, kwa hivyo yanapasua, na hujui hadi Aprili ukifungua maji inatokea nyuma ya ukuta.

Vile tunafanya, unazima hita mapema ipoe kabisa, usifungue hita ya moto watu wamechomeka hivyo, unafungua bomba la maji moto presha iishe ndio unatoa plagi ya hita. Hita za huku ni kubwa, lita 23 ama 38. Unamwaga tenki zote, ya safi na za chafu, unafungua zile koki za chini kabisa mwa paipu. Alafu kuna valvu za kuikwepa hita ili hiyo dawa ya pinki ipite kando isiingie ndani, ukisahau hapo unajaza hita yote na dawa unashangaa inaenda wapi. Baada ya hapo unatoa hosi fupi kwa pampu unaizamisha kwa jagi ya pinki, unawasha pampu, unafungua bomba moja moja, moto na baridi, hadi utoke rangi, usisahau choo na shawa ya nje. Mwisho unamwaga kidogo kwa kila sinki ijae ule mpindo wa chini, hapo watu wengi husahau. Kwa treila ya kawaida ni lita 8 hadi 11 hivi. Na zile jagi zimeandikwa 50 hasi, hiyo ni Farenhaiti na maana yake ni paipu haitapasuka, si ati haitakuwa uji. Inakuwa uji mapema sana, sawa tu, uji haupasui.

Lakini KempaLanet kwako wewe hiyo ni kutupa pesa. Baridi yenu ni ya masaa machache kabla jua kutoka, tenki ya lita mia haiwezi ganda kwa huo muda. Kinaweza kuumia ni kitu kidogo kiko nje au karibu na sakafu, kikombe cha filta, kichwa cha pampu, kipande cha paipu chini ya gari. Toa maji tu inatosha.

FundiMajiKondele:
Hapo Minnesota amemaliza. Sasa mimi niongeze upande wa huku maanake huku adui si barafu, ni maji kulala. Hapa Kisumu naitwa kwa mashua na kwa hizi gari, na kazi ni ileile kila wakati, tenki imeachwa nusu miezi, tenki ni ile nyeupe inapitisha mwanga, ndani kumeota kijani na utelezi umeshika kuta na paipu. Hiyo ndio harufu yako ya kinamasi. Tena paipu ya kupumulia ya tenki ikiwa haina wavu, mbu wanaingia wanataga, na huku kando ya ziwa sihitaji kueleza mtu habari ya malaria.

Kwa hivyo ukienda kuegesha, siku ni jua, zima hita na gesi, ingoje ipoe, zima pampu, fungua koki ya tenki, fungua hiyo valvu ya dada kwa mkono, fungua mabomba yote na kama ni yale ya kishikio kimoja yaache katikati ili moto na baridi zote zitoke. Kichwa cha shawa kishushe chini ukikung'ute. Washa pampu sekunde chache tu itapike iliyobaki, izime. Fungua kikombe cha filta umwage, filta yenyewe tupa, usiweke filta iliyolowa ikae miezi ukairudia. Alafu endesha gari mwendo mdogo huku koki ziko wazi, panda kilima shuka, utashangaa maji bado inatoka kwa pembe za tenki. Acha kila kitu wazi, isipokuwa sinki na bafu ziba na vizibo zake kwa sababu ule mpindo wa chini ukikauka harufu ya tenki chafu inapanda hadi kwa matandiko.

Watu wengine wanapuliza na kompresa. Inasaidia, lakini usiende kwa jamaa wa pancha umwambie puliza hapa, presha yake iko zaidi ya mia (psi). Hita kama yako haifai kupitisha baa 2.8, hiyo ni 40 hivi kwa saa yake, kwa hivyo mwambie akae 30 na aanze na bomba moja likiwa wazi. Kama hana saa ya kurekebisha, achana naye.

KempaLanet:
Fundi hapo kwa kurudi sasa. Nikiitoa Mau Narok Machi nijaze tu maji niende kazi?

FundiMajiKondele:
Hapana, uiue vidudu kwanza. Jik ya kawaida ile haina marashi. Nyingi za hapa ni kama asilimia 3.5 soma lebo. Kwa hiyo nguvu weka mililita 150 kwa tenki ya lita 100, ukichanganya kwanza kwa ndoo ya maji, usimwage kavu kwa tenki. Jaza hadi juu, fungua kila bomba upande wa baridi tu hadi unuse Jik, funga, acha ilale usiku. Upande wa moto usipitishe Jik, Truma wenyewe wanasema dawa za klorini hazifai kwa hita yao. Asubuhi mwaga yote, jaza maji safi, mwaga, jaza tena, hadi harufu iishe. Usichanganye na siki au dawa ya choo, gesi yake itakutoa mbio. Filta mpya weka MWISHO, ukiweka kabla Jik inaimaliza.

Na kama unajaza borehole ya Nakuru kumbuka Jik inaua vidudu lakini haigusi floraidi. Kuchemsha pia haigusi. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huko kwenu vinapita, ndio unaona meno ya watu. Ya wateja kunywa nunua madumu yako kando, ya tenki iwe ya kuosha na kuoga.

Jamaa_wa_Njoro:
Hapo kwa floraidi umesema ukweli, lakini kuna hizo filta za mifupa iliyochomwa zinauzwa hapa Nakuru zinaitoa. Sijui kama zinaingia kwa gari.

FundiMajiKondele:
Zinaitoa ndio, lakini zinataka maji yapite pole pole na dawa ya ndani ibadilishwe ikichoka. Kwa nyumba sawa. Kwa gari inarukaruka barabara ya Bogoria sioni.

Binti_Kakamega:
Mulembe. Mnaongea maji tu, na choo je? Tulikodi moja kama hiyo kwenda Kakamega Forest, imetoka kukaa, choo kile cha kaseti (tenki ya uchafu inayochomolewa) kifuniko chake kilikuwa kimekauka kikashika hakifunguki, tukashika foleni kwa choo ya msitu na mvua.

DadaWaOverlandi:
Pole sana dada. Hiyo ni raba. KempaLanet, kaseti mwaga mahali pa haki, choo cha shimo ama panapokubaliwa, si mtaroni, suuza vizuri, kausha, alafu paka raba silikoni na uache kile kisahani kikiwa wazi kidogo kisigandane. Usipake Vaseline wala mafuta ya kupikia, zinafanya raba ifure. Na ukiwa hapo hapo, ziba bomba la moshi la hita kwa nje na wavu au kifuniko chake, nyigu wanapenda kujenga udongo humo, na buibui anaingia kwa tundu la gesi la jiko anaweka utando, ukija kuwasha moto unakuwa wa manjano. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza toa kifuniko kwanza. Na uweke kikaratasi kwa usukani, "hita imezibwa".

KempaLanet:
Nimeandika yote kwa kitabu. Jumamosi napanda Mau Narok na silikoni na wavu wa mbu, na betri mpya nimeghairi kununua, nimeichaji ile ile iko na volti 12.7 imelala usiku mzima bado iko hapo.

Swali la mwisho fundi, hosi ya kujazia, natumia ile ya kijani ya kumwagilia maua. Ni sawa?

FundiMajiKondele:
Hiyo ya maua hapana, jua likiipiga maji inatoka na ladha ya plastiki na ndani inaota utelezi kama tenki. Uliza duka la vifaa vya maji hosi ya maji ya kunywa, mita kumi inatosha, na ukimaliza kujaza mwaga maji yake yote, unganisha ncha mbili pamoja mdudu asiingie, weka ndani ya gari mbali na hosi ya choo. Hizo mbili zisijuane.